Data Ikibaki, Maarifa Yakiondoka: Namna Taasisi Inavyopaswa Kulinda Inachokijua

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Marekani waliokuwa wakikarabati kichwa cha nyuklia kinachojulikana kama W76 walihitaji kutengeneza upya kitu kimoja kilichomo ndani yake, ambacho jina lake la kificho ni Fogbank. Kitu hicho kilikuwa kimetengenezwa katika kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, Tennessee, kuanzia 1975 hadi 1989, kisha uzalishaji ukakoma. Wataalamu walipotaka kuirudia kazi hiyo, walikuta kwamba kumbukumbu zilizoachwa ni chache na kwamba karibu watumishi wote waliokuwa na ujuzi wake walikuwa wamestaafu au kuondoka. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ililieleza jambo hilo waziwazi katika ripoti yake ya Machi 2009. Mitambo mipya ikajengwa, taratibu zilizoandikwa zikafuatwa, na bado kilichotoka hakikulingana na cha zamani. Baada ya uchunguzi mrefu ikagundulika kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani ambao ndio uliokipa kitu hicho sifa zake, na kwamba mitambo mipya ya usafishaji ilikuwa ikiuondoa. Wafanyakazi wa awali hawakuutaja uchafu huo popote kwa sababu wao wenyewe hawakujua kwamba ulikuwa na kazi.

Ni vigumu kupata siri iliyolindwa kuliko hiyo. Ilizungukwa na uzio, walinzi, viapo na sheria kali, na hakuna adui aliyeiiba. Walioipoteza ni wenye siri wenyewe. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo taasisi nyingi hulifanya bila kujua, nalo ni kudhani kwamba kulinda maana yake ni kuzuia tu. Ulinzi wa data na maarifa una pande mbili: kuhakikisha kwamba haviwafikii wasiohusika, na kuhakikisha kwamba haviwapotei wanaohusika. Upande wa kwanza una bajeti, kitengo na programu zake. Upande wa pili mara nyingi hauna hata mtu mmoja anayeulizwa juu yake, na ndiyo maana usimamizi wa maarifa na usalama wa data, ambavyo kwa hakika ni kazi moja, huendeshwa na watu wasiozungumza wao kwa wao.

Data na maarifa havipotei kwa njia moja

Data ni rekodi ghafi: tarakimu, majina, tarehe, vipimo. Zikipangwa na kuwekewa muktadha huwa taarifa. Maarifa ni uwezo wa mtu, au wa kundi la watu, wa kuzitumia taarifa hizo kuamua na kutenda. Tofauti hii inaweza kuonekana kama somo la darasani tu, lakini athari zake ofisini ni kubwa. Chukulia hifadhidata yenye safu iitwayo "hali", ambamo kila mteja amepewa namba kati ya 1 na 7. Ofisa mmoja anafahamu kwamba namba 4 ilibadilishwa maana miaka michache iliyopita baada ya sera kubadilika, hivyo rekodi za kabla ya hapo haziwezi kulinganishwa na za baadaye. Ofisa huyo akihama, data yote inabaki salama, imesimbwa (yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo), ina nakala rudufu, hakuna mdukuzi aliyeigusa. Na kila ripoti itakayotengenezwa kutokana nayo itakuwa ya uongo. Mfumo wa usalama hautapiga kengele yoyote, kwa kuwa hakuna faili lililopotea.

Mwanakemia na mwanafalsafa Michael Polanyi alieleza mwaka 1966 kwamba binadamu hujua zaidi ya anachoweza kukisema. Fundi mzoefu husikia mlio wa mashine akatambua kwamba kuna kitu hakiko sawa kabla kipimo hakijaonyesha lolote, na ukimwomba aandike alichosikia hataandika cha kutosha. Ndipo watafiti wa masuala ya usimamizi walipotenganisha maarifa yaliyo wazi, yanayoweza kuandikwa kwenye mwongozo, na maarifa ya ndani, yanayokaa katika mikono, masikio na mazoea ya watu. Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, waliolishughulikia suala hili kwa kina katika miaka ya 1990, walisisitiza kwamba maarifa ya taasisi hukua pale aina hizi mbili zinapogeukiana: mtu anapojifunza kwa kufanya kazi bega kwa bega na mwenzake, anapojaribu kukieleza alichojifunza, anapokiunganisha na maandishi ya wengine, na anapokirudisha tena katika vitendo hadi kikawa chake.

Kutokana na hapo, agizo la kawaida la menejimenti kwamba kila mtu "aandike anachokijua" halitoshi, ingawa lina manufaa yake. Fogbank ilikuwa na taratibu zilizoandikwa. Kilichokosekana ni watu wa kizazi cha pili waliowahi kusimama mbele ya mtambo pamoja na watu wa kizazi cha kwanza. Maarifa ya ndani hurithishwa kwa muda wa pamoja kazini, na muda huo ni gharama ambayo taasisi huikwepa kwa kusubiri mzoefu aondoke ndipo itangaze nafasi yake.

Katika yale yanayoweza kuandikwa, kinachosahaulika zaidi ni sababu. Mihtasari ya vikao huandika kilichoamuliwa, nani aliteuliwa na tarehe ya utekelezaji, lakini ni nadra kuandika njia zipi zilikataliwa na kwa nini. Miaka mitano baadaye kiongozi mpya anaukuta uamuzi usio na maelezo, anaudhani kuwa ni uzembe, anaufuta, kisha anarudi kwenye tatizo lilelile ambalo uamuzi ule uliwekwa kulizuia. Aya moja ya sababu, iliyoandikwa siku ile ile ya uamuzi, ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo zinazotungwa baadaye kutoka katika kumbukumbu za vichwani.

Jeshi la Marekani lina utaratibu wa tathmini baada ya tukio, unaouliza mambo machache: nini kilikusudiwa, nini kilitokea, kwa nini pakawa na tofauti, na nini kifanyike safari ijayo. Nguvu yake ni kwamba hufanyika mapema, wakati wahusika wote wapo, na vyeo huwekwa kando kadiri inavyowezekana. Hata hivyo, kukusanya mafunzo hakutoshi ikiwa hakuna anayeyasoma. Mwaka 2002 wakaguzi hao hao wa Bunge la Marekani waliripoti kwamba shirika la anga la NASA lilikuwa na mfumo wa kuhifadhi mafunzo ya miradi, lakini mameneja wa miradi hawakuwa na desturi ya kuutumia. Maandishi yaliyo mbali na kazi hugeuka kuwa ghala. Mahali pa funzo ni ndani ya orodha ya ukaguzi, ndani ya fomu, ndani ya hatua ya kazi ambayo mtu hawezi kuiruka.

Nguzo tatu, na ile inayopuuzwa

Wataalamu wa usalama wa taarifa hupima kazi yao kwa mambo matatu: usiri, yaani asiyeruhusiwa asione, usahihi, yaani data isibadilishwe bila idhini au bila kuacha alama, na upatikanaji, yaani anayeruhusiwa aipate anapoihitaji. Viwango vya kimataifa kama ISO 27001 vimejengwa juu ya misingi hii. Katika mazungumzo ya kawaida usiri humeza nguzo nyingine mbili, wakati misiba mingi inayoisimamisha taasisi ni ya upatikanaji.

Mfano ninaoupenda kwa uaminifu wake ni wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake, akiwa amechoka na akishughulikia hitilafu, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Kati ya takriban gigabaiti 300 zikabaki kama 4.5. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala, na zilipotazamwa moja baada ya nyingine ikaonekana kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo: nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kutoa tahadhari kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yule yule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Data ya saa hizo ilipotea moja kwa moja. Kampuni iliyaandika haya yote hadharani, na maelezo yake yamewafundisha wahandisi wengi kwamba nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa bado haistahili kuitwa nakala.

Kanuni inayotumika sana ni kuwa na nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Siku hizi huongezwa sharti kwamba moja isiunganishwe na mtandao au isiweze kubadilishwa, kwa kuwa programu hasidi za kuteka data na kudai fidia huzitafuta nakala kwanza. Kampuni ya meli ya Maersk iliuelewa umuhimu wa sharti hilo Juni 2017, pale programu hasidi ya NotPetya ilipoenea katika mtandao wake. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na hasara ilikadiriwa kufikia kati ya dola milioni 250 na 300. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa baadaye, seva zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zimefutwa isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kuitenga na mtandao kabla ya shambulio. Kampuni kubwa namna hiyo ilirejea kwenye miguu yake kutokana na nakala ambayo hakuna aliyeipanga.

Shambulio dhidi ya Maktaba ya Uingereza, Oktoba 2023, lilifichua jambo jingine. Maktaba ilikuwa na nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali, lakini mifumo ya kuzirejeshea ilikuwa imeharibiwa, na mingine ilikuwa ya kizamani kiasi kwamba isingeweza kusimamishwa tena kama ilivyokuwa. Huduma zilidorora kwa miezi mingi. Ripoti iliyotolewa na maktaba yenyewe Machi 2024 inakiri kwamba urithi wa mifumo ya zamani, iliyounganishwa kwa njia ambazo zilihitaji kuhamisha data kwa mkono kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, uliongeza ukubwa wa madhara. Hapa usimamizi na ulinzi vinakutana waziwazi: mpangilio mbovu wa data, unaoonekana kuwa kero ya kila siku tu, uligeuka kuwa udhaifu wa kiusalama.

Nani aone nini

Swali la ruhusa ndilo gumu kuliko yote, na sidhani kama lina jibu la kudumu. Maarifa hukua yanaposhirikishwa, na siri hudumu inapowekwa kwa wachache. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilieleza mwaka 2004 kwamba vyombo vya usalama vya Marekani vilikuwa vimefichiana taarifa kupita kiasi, na ikataka utamaduni wa kila mmoja kupewa anachostahili kujua tu ubadilishwe kuwa utamaduni wa kushirikishana. Milango ikafunguliwa. Mwaka 2010 mchambuzi mmoja wa jeshi, aliyekuwa na ruhusa halali, alinakili zaidi ya nyaraka 250,000 za kidiplomasia na kuzitoa nje. Mabadiliko yale yalikuwa yamepanua ruhusa bila kupanua uangalizi: hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mmoja anapakua nyaraka nyingi kuliko anazoweza kuzisoma.

Msimamo wangu ni kwamba taasisi igawe taarifa zake katika madaraja machache, matatu au manne, ambayo mtumishi wa kawaida anaweza kuyakumbuka bila kufungua mwongozo. Ile ya ndani ya kawaida iwe wazi kwa watumishi wote, na ukali wote uelekezwe kwenye sehemu ndogo ambayo ikivuja huumiza watu au kuua taasisi. Mahali ambapo kila kitu kimegongwa muhuri wa siri, watumishi huacha kuuheshimu muhuri. Wanaanza kutumiana mafaili kwa barua pepe binafsi na kwenye makundi ya simu kwa sababu njia rasmi haipitiki, na hapo taasisi inakuwa imeyasukuma maarifa yake nje kwa mikono yake yenyewe. Ninapoona watumishi wakikwepa mfumo, ninashawishika kuuchunguza mfumo kabla ya kuwachunguza watumishi.

Upande wa kiufundi, hatua zenye manufaa makubwa zinajulikana na nyingi si ghali: uthibitisho wa hatua mbili wakati wa kuingia, akaunti ya kila mtu badala ya nywila moja inayotumiwa na idara nzima, masasisho ya programu yanayofanyika kwa wakati, usimbaji wa vifaa vinavyobebeka, na kumbukumbu za nani alifungua nini lini. Kampuni ya Equifax, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilivamiwa mwaka 2017 kupitia udhaifu wa programu ambao kiraka chake, yaani sasisho la kuuziba, kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo, na taarifa za Wamarekani wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba maelekezo ya kuweka kiraka yalitolewa ndani ya kampuni, lakini seva husika haikutambuliwa. Taasisi haiwezi kulinda kifaa ambacho haijui kwamba inacho.

Mtumishi anapoondoka

Siku ya mwisho ya mtumishi ni siku ya hatari mbili zinazovutana. Taasisi huogopa kwamba ataondoka na vitu, nayo ni hofu ya haki: akaunti zifungwe siku hiyo hiyo, vifaa virudishwe, nywila za pamoja zibadilishwe. Hatari nyingine ni kwamba ataondoka na kile ambacho hakuna mwenzake anacho. Fomu za makabidhiano huorodhesha funguo, kompyuta na mafaili ya masijala. Haziulizi ni nani huwa anampigia simu mambo yanapokwama, ni kazi gani inayofanyika kila mwaka bila kuandikwa popote, na ni kitu gani anachokijua ambacho kikisahaulika kitaleta madhara. Maswali hayo hayajibiki vizuri katika saa ya mwisho, mtu akiwa na mawazo ya kwingine, hivyo yaulizwe miezi kadhaa kabla kwa anayestaafu, na kila mwaka kwa anayebaki.

Sheria nayo ina neno lake. Kifungu cha 39 cha mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki, ulioanza kutumika mwaka 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, kinalinda siri za kibiashara kwa masharti matatu: ziwe kweli siri, ziwe na thamani kwa sababu ni siri, na mwenye nazo awe amechukua hatua za kuridhisha kuzitunza. Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Kampuni iliyoacha mchanganyiko wake wa bidhaa kwenye folda ambayo kila mfanyakazi wa muda anaifungua itapata shida kuishawishi mahakama kwamba ilikuwa ni siri.

Kutunza kwa miaka, na kufuta kwa wakati

Mwaka 1986 shirika la utangazaji la BBC liliadhimisha miaka 900 ya sensa ya kale ya Uingereza kwa mradi ulioshirikisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walioandika na kupiga picha maisha ya maeneo yao. Kazi hiyo ikawekwa kwenye diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Haikupita miaka 20 kabla mashine hizo hazijawa adimu, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi kubwa ili kuiokoa, ilhali sensa ya mwaka 1086, iliyoandikwa juu ya ngozi, ilikuwa bado inasomeka. Tangu hapo watunza kumbukumbu wamesisitiza kutumia miundo ya mafaili iliyo wazi, ambayo haimilikiwi na mtengenezaji mmoja, na kuhamisha data kila teknolojia inapobadilika badala ya kuiacha ilale.

Lakini si kila kitu kinastahili kutunzwa. Data za watu, hasa za afya, fedha na watoto, ni dhamana, na kadiri zinavyokaa ndivyo mwenye nazo anavyobaki na jambo la kujibu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo imekuwa kigezo kwa nchi nyingi, inataka taasisi ikusanye kile tu inachokihitaji, isikiweke kuliko muda wa kusudi lake, na itoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji. Data iliyofutwa kwa wakati haiwezi kuibwa. Hata hivyo ufutaji uwe na ratiba iliyoandikwa na mtu aliyeidhinisha, kwa sababu ufutaji wa kiholela wakati wa uchunguzi au kesi huweza kuwa kosa la jinai.

Programu za akili mnemba zimelileta suala hili upya. Mtumishi anayebandika mkataba au rekodi za wateja kwenye programu ya umma ili afupishiwe huenda amezitoa nje ya taasisi bila kuvunja kufuli lolote. Marufuku ya jumla haisaidii sana; chombo kilichoidhinishwa na orodha fupi ya visivyobandikwa kamwe husaidia zaidi.

Taasisi isiyo na chochote katika haya, hata iwe na watu kumi tu, inaweza kuanza na rejista moja. Kila mstari uwe na kitu kimoja ambacho kazi haiendi bila hicho, kiwe hifadhidata, utaratibu au ujuzi wa mtu. Mbele yake iandikwe kilipo, nani anawajibika nacho kwa jina la cheo, nani mwingine anaweza kukifanyia kazi mwenye nacho asipokuwepo, nani asikione, nakala yake iko wapi na lini ilijaribiwa kurejeshwa mara ya mwisho, na kitafutwa lini. Mistari ambayo safu ya "nani mwingine" iko tupu ishughulikiwe kwanza, kabla ya kununua programu yoyote, kwa kumteua mtu wa pili na kumpangia saa za kukaa na yule wa kwanza kazini.